Ngoma ya Nabune

Asiye na nguvu hutumia akili. Neno hili lina ushahidi wake katika Nabune, kijiji kilicho pwani, karibu na mji wa Wajima, katika rasi ya Noto nchini Japani. Yasimuliwa kuwa mwaka 1576, jeshi la Uesugi Kenshin, mtawala wa Echigo, liliposogea kukiteka kijiji hicho, wenyeji hawakuwa na silaha za kulikabili. Walibandua magome ya miti wakafanya nyuso za kutisha; waliokota mwani ufuoni wakaufanya nywele; kisha wakatoka gizani wakipiga ngoma. Askari waliozoea kupigana na watu hawakujua namna ya kupigana na mizimu. Wakakimbia.

Kisa hiki ndicho asili ya Gojinjo-daiko, ngoma inayopigwa na watu wa Nabune katika sikukuu ya kijiji chao, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti. Ngoma ni moja, wapigaji ni kadhaa, na kila mmoja amevaa uso wake: huyu zimwi, huyu mzuka, huyu mzee. Mmoja hushika pigo la msingi asilikatize. Wengine hujongea kwa zamu na mikwiro yao, wakapiga, wakajinyonga viungo, wakatoa ukelele, wakapisha. Pigo huanza polepole, likakaza mwendo, hata mwisho likawa kama mvua ya mawe juu ya ngozi.

Mtu wa historia ataona mashaka. Kwamba Kenshin aliingia Noto, na kwamba ngome ya Nanao ilianguka mikononi mwake mwaka 1577, hayo yanajulikana. Kwamba askari wake walifukuzwa na magome na mwani, hilo ni simulizi la wenyeji. Tena ushindi wa Nabune, kama ulikuwapo, ulikuwa wa usiku mmoja, wala haukuiokoa Noto. Je, ngoma hiyo ni uongo uliopambwa? La. Jambo lililohifadhiwa humo ni tabia ya watu: jinsi wanyonge walivyoitwaa hofu iliyokuwa imewashika, wakaivaa usoni, wakamrudishia aliyewaletea.

Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.6 liliipiga Noto. Nyumba zilianguka, moto uliteketeza sehemu ya mji wa Wajima, watu wengi walikufa na wengine wengi wakayahama makao yao. Adui huyu hana macho ya kuona uso wa zimwi, wala masikio ya kusikia ngoma. Hata hivyo ngoma ya Nabune imesikika tena baada ya msiba huo. Hapo ndipo inapodhihirika faida yake nyingine, ambayo huenda ilikuwapo tangu usiku ule wa kale: pigo lile lilimwambia kila aliyesimama gizani kuwa jirani yake hajakimbia.