Bolti za Flaiwili: Soma Kichwa Kabla ya Kununua



Msimu wa kulima ukikaribia, simu ninazopokea hubadilika. Maswali ya mbolea na mbegu yanapungua, yanaingia ya trekta na pikapu. Mimi ni afisa ugani, si fundi wa injini. Lakini nimekaa gereji na wakulima mara nyingi, tukisubiri trekta litoke, na nimeona kuna kitu kidogo kinachopuuzwa karibu kila klachi inapobadilishwa: bolti zinazoshika flaiwili. Leo tuzungumze hizo.

Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, kwenye ncha ya krankishafti. Klachi inafungwa juu yake. Nguvu yote ya kuvuta jembe au kupandisha magunia mlimani inapita hapo. Wengi hudhani bolti ndizo zinazoisukuma flaiwili izunguke, kama vigingi. Sivyo. Kazi ya bolti ni kubana. Zikibana sawasawa, flaiwili na krankishafti hushikana na kuzunguka kama chuma kimoja. Zikilegea kidogo tu, flaiwili huanza kucheza, na kila unapoachia klachi inazipiga bolti ubavuni. Hapo ndipo zinapokatika moja baada ya nyingine. Injini inayozunguka mara 2,000 kwa dakika inafanya mizunguko zaidi ya 33 kila sekunde. Flaiwili ikichomoka katika kasi hiyo inaweza kupasua nyumba ya klachi, na miguu ya dereva iko karibu na hapo.

Hatari huongezeka pale mtu anapofunga klachi ngumu zaidi ili abebe mzigo mkubwa. Klachi ya zamani ilikuwa ikiteleza mzigo unapozidi. Hii mpya haitelezi, kwa hiyo kishindo chote kinakwenda kwenye bolti. Kama bolti ni za ovyo, umeimarisha mlango ukaacha bawaba mbovu.

Sasa, utaijuaje bolti nzuri? Usiangalie mng'ao wala unene. Punje ya mahindi ya kula na punje ya mbegu bora zinafanana machoni, ndiyo maana nawahimiza kila siku msome lebo. Bolti nayo ina lebo yake, imechongwa kichwani.

Bolti za milimita huandikwa 8.8, 10.9 au 12.9. Chukua namba iliyo kabla ya nukta, zidisha kwa 10. Unapata takribani kilo ambazo kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho huhimili kabla ya kukatika. Kwa 8.8 ni kilo 80. Kwa 10.9 ni kilo 100, yaani gunia zima la mahindi likining'inia kwenye kijiwaya chembamba. Namba iliyo baada ya nukta inakuambia bolti huvumilia kiasi gani cha uzito huo kabla ya kuvutika bila kurudi: 9 maana yake ni asilimia 90.

Bolti za inchi hazina namba hizo, zina mistari. Mistari mitatu kichwani ni daraja la 5, mistari sita ni daraja la 8 ambalo ni imara zaidi. Kichwa kisicho na alama yoyote, iache bolti hiyo ifunge mageti na mabati.

Usidhani pia kwamba 12.9 ndiyo bora kila mahali. Chuma kigumu sana huvumilia kidogo kupindishwa, na bolti hubana vizuri pale tu inapokazwa kwa kipimo chake. Rudisha daraja lilelile aliloweka mtengenezaji, au lile analoelekeza aliyetengeneza klachi mpya. Usishuke chini yake.

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona kwa macho yangu. Kikundi kimoja ninachokihudumia kilifunga klachi mpya kwenye trekta lao la zamani. Bolti mbili za flaiwili zilikuwa zimechoka, zikanunuliwa nyingine dukani mjini. Ziliingia vizuri, trekta likaondoka. Siku ya nne likaanza kugonga likiwa sailensa, ko-ko-ko. Fundi mmoja akasema injini imekufa, krankishafti itolewe. Wanakikundi wakaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Mzee mmoja fundi akaomba kwanza starta ifunguliwe. Akaingiza nondo kwenye meno ya flaiwili, akaitikisa. Ikacheza, huku puli ya mbele imetulia tuli. Trekta lilipogawanywa, tukakuta unga mwekundu kama kutu kuzunguka vichwa vya zile bolti mbili.

Injini ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba matundu yalikuwa ya nusu inchi, na bolti zilikuwa za milimita 12. Nusu inchi ni milimita 12.7. Nafasi kati ya nyuzi za bolti ya nusu inchi ya nyuzi laini ni milimita 1.27, na ile ya milimita 12 ya nyuzi laini ni 1.25. Kwa hiyo inaingia bila ubishi, lakini inashika kwa ncha za nyuzi tu. Matrekta mengi ya zamani ya Massey Ferguson yenye injini ya Perkins hutumia bolti za inchi, kwa hiyo jihadhari sana. Kikundi kile kilipoteza siku tisa za mvua. Mahindi yao ya msimu ule yalionekana kwa mbali kuwa ni ya waliochelewa.

Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na bolti ya zamani mkononi. Zilaze mbili pamoja, nyuzi kwa nyuzi, uzielekeze kwenye mwanga. Zikikaa sawa bila upenyo mwanzo hadi mwisho, nyuzi ni moja. Kisha pima unene, urefu na kimo cha kichwa. Fupi haishiki vya kutosha, ndefu inagota chini kabla haijabana, na yenye kichwa kirefu inaweza kukwaruza springi za klachi pleti. Nunua seti nzima, usichanganye.

Siku ya kufunga, mwambie fundi akaze kwa kukingamisha, kidogokidogo, na amalizie kwa tokirenchi kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kama kitabu kinasema bolti hutumika mara moja tu, zile za zamani zisirudi hata kama zinang'aa. Na kama matundu yanatokea upande wa oili, azipake dawa ya kuzuia uvujaji, maana klachi iliyolowa oili haishiki.

Kama una bolti nyumbani na huelewi alama zake, piga picha ya kichwa na ya nyuzi, unitumie pamoja na aina ya injini. Tutaisoma pamoja kabla hujatoa pesa yako.