Jiaozi katika Mbabula Yetu

Watu wengi wa Lubumbashi, wakisikia chakula cha Kichina, wanafikiri juu ya restora za bei kali. Mimi ninataka kueleza kile ambacho Wachina wanajipikia nyumbani. Nilikifundishwa na mwalimu wa kung-fu.

Muzee huyo, mutu wa Shandong, upande wa kaskazini ya China, alikuja kwetu kwa kazi ya barabara, nyuma ya mapatano ya 2008 kati ya Kongo na China. Kila Siku ya Mungu asubuhi tulifanya mazoezi, kisha tuliingia jikoni. Tulimwita shifu. Neno hilo, katika maandiko yao, lina alama ya baba ndani yake. Na kung-fu yenyewe si kupigana tu: ni ujuzi wowote unaopatikana kwa kazi na kwa muda mrefu. Basi hata kukanda unga ni kung-fu.

Chakula chake cha heshima kilikuwa jiaozi. Unakanda unga wa ngano na maji baridi, unauacha upumzike nusu saa. Kabichi ya China unaikatakata, unaitia chumvi, unaikamua maji. Usipoikamua, unga unalowana na kupasuka. Unachanganya na nyama ya nguruwe iliyosagwa, tangawisi, vitunguu vya majani na mchuzi wa soya. Unafunga kidogo kidogo ndani ya unga uliotandazwa, unatumbukiza katika maji ya moto. Yakichemka unamwanga kikombe cha maji baridi, mara 3. Kwao, usiku wa kuamkia mwaka mpya, jamaa nzima inaketi kukunja jiaozi, wakubwa na wadogo. Umbo lake linafanana na vipande vya feza vya zamani, ni kama kuombeana mali.

Muzee alirudi kwao 2014. Hakuacha karatasi, maana hakuwa na vipimo. Alisema tu: ukande mpaka unga uwe laini sawa ncha ya sikio.

Leo ninapika na vitu vya soko. Kabichi ya China inalimwa hapa hapa, na mbabula ya makala inatoa moto wa kutosha. Bibi yangu na watoto wanakunja pamoja nami. Jirani mmoja aliniuliza: wewe mwana wa bukari na sombe, mila ya wengine inakuhusu nini?

Inanihusu sana. Nikiona vile shifu alipima chumvi na vidole, nilikumbuka mama yangu: naye anapima vilevile. Amepita miaka 70, na kwetu hakuna aliyeandika sombe yake. Sasa ninasimama karibu naye, ninatwanga, ninaonja, ninauliza.

Ndugu msomaji, kama mama ao nkambo wako angali muzima, usingojee sikukuu. Ingia jikoni kwake juma hili, mikono yako ijifunze wakati yake ingali na nguvu.