Barua kutoka Leicester: Sindano ya pajani

Dada yangu,

Nimepata ujumbe wako, na nimeona nikujibu hapa gazetini, maana najua si wewe peke yako unayejiuliza inakuwaje mtu ajichome sindano mwenyewe, sebuleni kwake, bila nesi.

Ugonjwa wangu unaujua. Tumbo langu halitengenezi ile protini inayoipokea vitamini B12 kutoka kwenye chakula, kwa hiyo samaki na mayai ninayokula hayanifai kwa hilo. B12 ikikosekana damu hupungua, kisha huja ganzi ya miguu, usahaulifu na kuyumba. Zamani watu walikufa kwa ugonjwa huu. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba mgonjwa akilishwa maini mengi kila siku hupata nafuu, na mwaka 1934 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Mimi nimeepushwa na sahani hiyo. Napata mililita moja ya dawa nyekundu, haidroksokobalamini, kila baada ya miezi miwili.

Korona ilipoingia mwaka 2020, baadhi ya kliniki za Uingereza ziliahirisha sindano hizi, na wagonjwa wakaanza kuomba wafundishwe kujichoma. Nami niliomba. Nesi alianza na paja, dawa baadaye. Aliniambia niweke kiganja kimoja juu kidogo ya goti, kingine chini kidogo ya nyonga. Sehemu inayobaki katikati, upande wa nje, ndiyo mahali pa kuchoma. Msuli hapo ni mnene, unauona kwa macho yako, na hakuna mshipa mkubwa wa damu wala wa fahamu wa kuhofia.

Takoni ni habari nyingine. Mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita huko, na mtu akijipinda kujichoma mwenyewe hawezi kupima vizuri. Kule Uganda wapo watoto waliopooza mguu kwa sababu ya sindano za kwinini zilizochomwa takoni. Nikilikumbuka hilo, huwa nakasirika kuona mtu anavuliwa nguo kwenye duka la dawa na kuchomwa kwa haraka na asiye na ujuzi.

Sasa kazi yenyewe. Nanawa kwa sabuni, nakausha mikono. Nasoma jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho, hata kama boksi ni lilelile la mwezi juzi. Kichupa cha kioo nakishika kwa kipande cha shashi ndipo nakivunja shingo. Nafyonza dawa kwa sindano moja, kisha naitoa na kuweka nyingine mpya ya kuchomea, kwa sababu iliyokwisha gusa kioo huwa imepoteza ukali na ndiyo inayoumiza. Napangusa ngozi kwa spiriti, halafu nasubiri kama nusu dakika ikauke yenyewe. Hapa wengi hukosa subira, wakapuliza kwa mdomo. Basi vijidudu vinarudi palepale. Spiriti mbichi nayo inawasha sindano ikiingia.

Nakaa kitini, nalegeza mguu, maana msuli uliokazwa unauma zaidi. Kwa mkono mmoja naivuta ngozi pembeni kidogo, kwa mwingine naiingiza sindano wima, kwa mwendo mmoja usiosita. Dawa naisukuma polepole, kama sekunde kumi. Nasubiri kidogo, naitoa, ndipo naiachia ngozi. Ikirudi mahali pake inafunika njia ya sindano, dawa isivuje nje. Nabana kwa pamba bila kusugua. Safari ijayo ni zamu ya paja la pili.

Sindano iliyotumika sirudishii kifuniko kamwe. Hapo ndipo watu wengi hujichoma vidole. Inaingia moja kwa moja kwenye boksi gumu la njano, na boksi likijaa hadi kwenye mstari nalifunga na kulirudisha. Huko nyumbani uliza zahanati kama watakupokelea. Kwenye jalala usitupe, watoto wanachezea.

Maumivu kidogo ya siku moja mbili ni kawaida. Wekundu unaosambaa, usaha, homa, au ganzi inayoshuka mguuni, nenda hospitali. Uso ukivimba au pumzi ikibana baada ya sindano, hiyo ni dharura ya dakika ileile. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijichome msulini kabla daktari wake hajaridhia.

Umeniomba nikutumie boksi la dawa. Sitatuma, dada, na usinione mchoyo. Huko kuchoka kwako kunaweza kuwa na sababu nyingi, na hujapimwa. Nenda ukapime damu kwanza, na waambie kwamba mdogo wako ana ugonjwa huu, kwa sababu huwa unatembea katika ukoo. Wakikuta ni B12, waulize kama vidonge vitatosha, wengine vinawatosha. Ikibidi iwe sindano, mwombe nesi akufundishe, ujichome mara ya kwanza mbele yake, na usikubali bomba ambalo hukuliona likifunguliwa kutoka kwenye pakiti yake.

Gharama ya kipimo nitaituma kwa simu Ijumaa. Msalimie mama.

Mdogo wako