Yuko Mteja

Kuna swali linalorudi kila wiki katika somo la mifumo endeshi iliyotawanyika, hata likibadilishiwa jina: mwenzako akinyamaza, utajuaje kama amekufa au amechelewa tu?

Nilisoma somo hilo muhula wa kwanza wa shahada yangu ya uzamili. Chuo kiko Nairobi, mimi nilikuwa Bulla Pesa, Isiolo, nikifuata madarasa ya jioni kwa intaneti, simu nimeiweka dirishani ili mtandao usikatike. Wazo lenyewe si gumu kueleza. Unachukua kompyuta nyingi zilizo mbalimbali, kila moja na kumbukumbu yake na saa yake, halafu unaandika programu inayomfanya mtumiaji aone kana kwamba ni kompyuta moja. Andrew Tanenbaum na wenzake walijaribu hivyo Amsterdam miaka ya 1980, kwa mfumo walioupa jina Amoeba. Leo ukituma pesa kwa simu, kuna mashine kadhaa zinazopaswa kukubaliana kwamba pesa imetoka kwako na imefika.

Kazi iko kwenye hayo makubaliano. Mashine hazionani, zinatumiana ujumbe tu. Kwa hivyo kila moja hutuma ujumbe mfupi kila baada ya muda, kusema tu "niko". Tunauita mapigo ya moyo. Mapigo yakikosekana, wengine wanaanza kushuku.

Nyumbani, mapigo ya moyo yalikuwa ya kila Ijumaa. Kaka yangu alikuwa amepeleka ngamia upande wa Merti, akitafuta malisho kuelekea Kom. Ilikuwa mwanzo wa 2023, na mvua za misimu mitano mfululizo zilikuwa zimekosa. Alipokuwa hapakuwa na mtandao, lakini kila Ijumaa alitembea hadi kwenye mwinuko fulani akampigia mama. Dakika mbili hivi: ngamia wamebaki wangapi, maji yako wapi, salimia watu.

Kisha Ijumaa moja hakupiga. Mama akapiga yeye. Mteja. Ijumaa ya pili, bado mteja.

Sisi Wakenya tumeligeuza neno hilo kuwa hali ya mtu. "Yuko mteja" inaweza kumaanisha betri imeisha, amekuzimia simu, yuko bondeni, ameuza simu, au amekufa. Kwa anayepiga, sauti ni ile ile.

Wiki hiyo darasani tulifika kwa Fischer, Lynch na Paterson. Mwaka 1985 walithibitisha kihisabati kwamba ujumbe ukiweza kuchelewa bila kikomo, na mashine moja tu ikiweza kufa, hakuna kanuni isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba zilizobaki zitafikia makubaliano. Shida ni kwamba aliyekufa na aliyechelewa wanafanana. Kwa hivyo wahandisi huweka muda wa kusubiri. Muda ukipita, mwenzako anahesabiwa amekufa na kazi inaendelea. Walioandika kanuni ya Raft, iliyochapishwa 2014, walipendekeza muda huo uchaguliwe kwa bahati kati ya milisekunde 150 na 300. Ukifumba jicho na kulifumbua, kiongozi mpya ameanza kutafutwa.

Sheria ya Kenya nayo ina muda wake. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, anachukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ijumaa ya pili jioni baba zangu wadogo walikaa uani. Mmoja alitaka tuuze mbuzi waliobaki, tukodi gari, watu waende kumtafuta. Mwingine akasema hao mbuzi ndio chakula cha watoto, na gari lisilojua linakoenda litamaliza mafuta nyikani. Enyewe, wote wawili walikuwa na hoja. Ukishuku mapema, unapoteza ulichonacho bure. Ukichelewa kushuku, pengine mtu anakufa ukingoja. Hakuna hesabu inayokupa muda sahihi. Unachagua tu ni hasara gani unaweza kuibeba.

Jirani aliyekuja kutufariji akasema kaka alikuwa kijana mwenye heshima.

"Alikuwa?" mama akamuuliza. "Yuko."

Lakini hakukaa tu kungoja. Alfajiri alienda steji ya magari ya Merti, akampa kila dereva ujumbe mmoja: ukikutana na mtu aliyetoka Kom, muulize kuhusu mwanangu, na umwambie naye aulize. Akawapa wachuuzi wa mifugo, akawapa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Darasani kuna kanuni za namna hiyo, na wataalamu wenyewe wamezipa jina la umbea: kila mashine inawaambia wenzake wachache, nao wanawaambia wachache wao, mpaka habari inaenea bila seva kuu. Waborana wakikutana malishoni hawaachani kabla ya kuulizana habari za mvua, nyasi na watu. Mama alikuwa anatumia hiyo.

Siku ya kumi na tisa dereva mmoja akaleta jibu. Kijana ameonekana kisimani, na ngamia wake. Lini? Siku sita zilizopita.

Mama alimshukuru Mungu, halafu akauliza, "Na leo?"

Hapo kuna somo la muhula mzima. Kila ujumbe unaofika ni habari ya zamani.

Kaka alipiga siku nne baadaye, kwa nambari ya mtu mwingine. Simu yake ilitumbukia kisimani. Ngamia watatu walikuwa wamekufa. Alishangaa kusikia mama akilia. "Kwani nilipotea? Si nilikuwa tu huku." Siku hizi anatembea na mulika mwizi mbili, laini tofauti, na mama ndiye aliyezinunua.

Sasa nafanya kazi ya kuandika programu. Kila mara nafika kwenye mstari wa muda wa kusubiri, ule ambao wengi huandika sekunde thelathini na kuendelea. Kabla ya kuandika nauliza nani yuko upande wa pili: mtu wa Kilimani mwenye fiba, au mtu anayepanda mwinuko siku ya Ijumaa? Muda uliopimwa kwa wa kwanza utamhesabu wa pili amekufa kila wiki, na hakuna taa nyekundu itakayowaka, kwa sababu mfumo utakuwa umefanya kile ulichoambiwa.