Zafarani ya Futari

Ramadhani iliyopita kamati ya msikiti ilinikabidhi fedha za biriani ya kufuturisha. Nikanunua zafarani ya bei nafuu, nikajiona mjanja. Mama akaloweka nyuzi chache katika maji vuguvugu. Papo hapo maji yakawa mekundu, nyuzi zikapauka.

“Mwanangu, hii ni rangi tu.”

Zafarani halisi hutoa umanjano wa dhahabu polepole, na uzi hubaki na wekundu wake. Ua moja hutoa nyuzi tatu tu, zichumwazo kwa mkono. Bei ile peke yake ilitosha kunitanabahisha. Wali tukautia manjano. Fedha ya amana nikairejesha kutoka mfukoni mwangu, na kosa nikaliandika daftarini.

Mwaka huu nimenunua gramu moja, kwa muuzaji aliyeniruhusu kuloweka kwanza.