Mhusika Asiyetajwa

Sisi wahakiki tumezoea kuuliza, tusomapo riwaya au utenzi, ni nani anayesema na ni nani aliyenyamazishwa. Swali hilo aghalabu hatuliulizi tunapotia sahihi mikataba ya utafiti. Katika insha hii fupi ninakusudia kuisoma sera ya chuo ya kusimamia miradi inayofadhiliwa kutoka nje kama matini nyingine yoyote, nami nikiwa mmoja wa wahusika wake.

Miaka kadhaa iliyopita niliongoza mradi mdogo wa kukusanya miswada ya tenzi. Fedha zilitoka ng'ambo zikapitia kwa mhasibu wa chuo, ambaye alikata asilimia ya gharama za uendeshaji kisha akanikabidhi masurufu ya safari. Huko Siyu, kisiwani Pate, bibi mmoja alitufungulia kasha la marehemu babake, akatusomea kwa siku tatu beti zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akatulisha na kutunywesha. Nilipomwomba atie sahihi risiti, alicheka: "Mwanangu, kahawa ya nyumbani huandikiwa risiti?" Alichotaka ni kimoja tu: nakala ya mswada ule, wajukuu wake wausome. Nilimwahidi.

Mhasibu hakuzikubali siku tatu zisizo na risiti, na sehemu ya masurufu ikakatwa katika mshahara wangu. Simlaumu. Mfadhili anapotuma wakaguzi, fedha zisizo na ushahidi huenda zikadaiwa chuo, na sote twajua kuwa ipo miradi iliyoliwa na wasimamizi wake. Lililoniuma ni jingine. Picha za mswada zilipelekwa kwa mfadhili, seti moja ikabaki chuoni, na kwa mujibu wa mkataba haikuruhusiwa kutolewa nakala nyingine bila idhini ya maandishi. Mkataba huo nilikuwa nimeutia sahihi mwenyewe bila kuusoma hadi mwisho. Idhini ilipofika, bibi alikuwa amefariki. Nakala niliipeleka kwa mjukuu wake.

Hapo ndipo nilipoirudia sera kwa jicho la uhakiki. Wametajwa humo mfadhili, mtafiti mkuu, mhasibu, mkaguzi, hata dereva na posho yake. Mwenye mswada hayumo. Kivuli chake huonekana tu katika fungu la matumizi mengineyo.

Pengo hili si geni katika taaluma yetu. Katika karne ya 19, W. E. Taylor alikusanya tungo za Muyaka bin Haji huko Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Leo karatasi hizo zimehifadhiwa London, katika SOAS, nazo zajulikana kwa jina la Taylor. Sikujua anajulikana na wataalamu wachache.

Wala si kwamba sheria imekosekana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu ulinzi wa maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inatambua haki ya jamii ya kuombwa idhini mapema na kugawiwa manufaa. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayajaingia katika fomu tunazojaza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ripoti ya mwisho isipokewe pasipo uthibitisho kuwa mwenye mswada amepata nakala. Pili, pale ambapo risiti haipatikani, ushahidi wa maandishi wa mzee wa mtaa ukubaliwe. Tatu, sehemu ya ile asilimia ya uendeshaji itengewe kazi ya kurudisha matokeo ya utafiti kule yalikotoka. Aidha, sisi watafiti tuisome mikataba kwa makini yale yale tunayowadai wanafunzi wetu wanapoisoma fasihi.

Hesabu za mradi wangu zilikaguliwa, zikaonekana safi. Deni la bibi yule halimo ndani yake.