Ukiona Vyaelea

Methali isemayo kwamba ukiona vyaelea vimeundwa ilizaliwa pwani, lakini haikufungwa nanga huko. Humwandama mwanadamu popote aendapo na chombo. Jahazi lina heri moja: ubavu wake huonyesha mbao na misumari, na mwenye macho aweza kukisia jasho la aliyeliunda. Viko vyombo vingine ambavyo uundaji wake umefichwa ndani ya chuma, na hivyo fundi wake hufichwa pamoja navyo. Kimojawapo ni giaboksi ya otomatiki, ambayo hukaa chini ya sakafu ya gari na kubadilisha gia pasipo mkono wa dereva. Ikifanya kazi vyema hakuna aikumbukaye. Ikiharibika haina mtetezi. Watu wengi waaminifu huishi na kufa katika hali kama hiyo.

Katika jimbo la Michigan, nchini Marekani, karibu na mji wa Ypsilanti, palikuwa na kiwanda kilichoitwa Willow Run. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiliunda ndege za kutupa mabomu za B-24. Mwezi wa Agosti 1953 moto uliteketeza kiwanda kingine, cha Livonia, ambako kampuni ya General Motors ilikuwa ikitengeneza giaboksi zake za Hydra-Matic, aina iliyotokea kwanza katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Baada ya msiba huo kazi ilihamishiwa Willow Run, ikaendelea huko mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2010. Miongoni mwa maelfu waliopita katika milango yake alikuwamo mtu mmoja aliyeingia kijana mwaka 1964, akatoka mwaka 1994 na mvi. Kwa miaka 30 kazi yake ilikuwa kupanga pleti za klachi ndani ya giaboksi: ya chuma, ya karatasi ngumu, ya chuma, ya karatasi ngumu. Hapana gari hata moja lililoandikwa jina lake.

Mtu huyo alikuwa na mwana, na alikuwa na pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1972. Mwana alipofika umri wa kuona haya kwa ajili ya wazazi, alimwuliza baba yake mezani ni kazi gani hiyo isiyoonekana na mtu yeyote. Baba hakujibu. Jumamosi iliyofuata aliipandisha pikapu juu ya stendi, akalala chini yake, akamwita mwanawe alale kando yake, akamwambia ahesabu bolti za sampu ya giaboksi. Mtoto akahesabu 13. Baba akamtaka atazame pia umbo la sampu. Mtoto akafuta mikono, akasema kwamba ana mambo mengine ya kufanya, akaenda zake. Somo halikurudiwa tena, na baba alifariki kabla ya mwana kutambua kwamba somo lile lilikuwa ndilo jibu.

Hesabu ile haikuwa mchezo. Giaboksi za kampuni ile zafanana kwa mbali, na aliye chini ya gari hana cheti cha kusoma. Sampu ndiyo uso wao. Powerglide, yenye gia mbili za kwenda mbele, ina bolti 14. Turbo-Hydramatic 350, yenye gia tatu, ina 13, na sampu yake ni karibu mraba, ila pembe moja imekatwa. Turbo-Hydramatic 400, dada yake mwenye nguvu zaidi, nayo ina 13. Kwa hiyo anayehesabu bila kutazama umbo hudanganyika. Sampu ya 400 ni ndefu na imepindapinda, na watu huifananisha na ramani ya jimbo la Texas. Ile iitwayo 700R4, iliyotokea katika magari ya mwaka 1982 ikiwa na gia nne, ina bolti 16. Mwaka 1990 ilipewa jina la 4L60, na mwaka 1993 ikaja 4L60-E, inayoongozwa kwa umeme na kompyuta, isiyoweza kufanya kazi katika gari la kale mpaka ipewe kompyuta yake. Majina yamebadilika, nguvu zimeongezeka, lakini mlango wa maarifa umebaki ule ule: kulala chali, kutazama na kuhesabu.

Baada ya mazishi, pikapu ilikuwa urithi wa mwana. Alikuwa sasa mtu mzima, mwenye mke na watoto, akiishi kwa kuchukua mbao na vifaa vya ujenzi katika njia ndefu. Gia tatu za giaboksi ya 350 hazikumfaa katika barabara kuu. Injini ililia mwendo wote na petroli ilikwisha upesi. Shauri lake la kutia 700R4 halikuwa baya. Gia ya kwanza ya 350 huzungusha injini mara 2.52 kwa kila mzunguko mmoja wa propela. Ya 700R4 huizungusha mara 3.06, na hiyo ni rehema kwa gari lenye mzigo linapoanza kuondoka. Gia ya nne nayo huizungusha mara 0.70 tu, hata injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya tatu hushuka mpaka 2,100 kwa mwendo ule ule wa gari. Mtu huyo alikwenda kwa hesabu hizo kama aendaye sokoni na fedha kamili, akasahau kwamba sokoni hutakiwa pia macho.

Alinunua giaboksi katika uwanja wa magari mabovu. Mwuzaji alisema kwamba ilitoka katika gari la mwaka 1987, naye akaamini, akanunua na konveta mpya ya kwenda nayo. Siku ya kufunga, konveta ilikataa kuingia. Shafti ya giaboksi ilikuwa na meno 27, na konveta ilitengenezwa kwa meno 30. Giaboksi ilikuwa ya miaka ya kwanza, 1982 mpaka 1984, kabla meno hayajaongezwa ili shafti ipate nguvu. Akabadilisha konveta kwa hasira. Giaboksi mpya ilizidi ile ya kale kwa urefu wa inchi 3 hivi. Akarudisha nyuma boriti inayoibeba, akakatisha propela. Yote hayo aliyatimiza kwa kuwa yalionekana kwa macho. Lililobaki lilikuwa waya mmoja mwembamba, naye aliuona mdogo.

Ili ubaya wa dharau hiyo ufahamike, sharti itazamwe kwanza kazi ya ndani. Konveta ni mfano wa bakuli mbili zilizoelekeana ndani ya mafuta. Moja huzungushwa na injini, na mafuta yanayotupwa nayo huisukuma ya pili, kama pepo mbili ambazo moja ikivuma nyingine huzunguka ingawa hazigusani. Nyuma ya konveta ziko gia za sayari: katikati gia ya jua, kandokando gia ndogo zinazolizunguka jua hilo, na nje pete yenye meno. Gia hizi hazitengani kamwe. Kinachobadilika ni kiungo kipi kimeshikwa na kipi kimeachiwa, na wa kushika na kuachia ni klachi na mkanda, vikisukumwa na mafuta yenye shinikizo. Basi mafuta ndiyo mkono wa chombo hiki. Mkono ukiwa imara, klachi hukamata na kutulia. Ukiwa dhaifu, pleti huteleza, huteleza zikapata moto, na moto huziunguza.

Katika 700R4 waya utokao kwenye kabureta ndio uiambiao giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, nayo huongeza shinikizo kwa kadiri hiyo. Kabureta ya gari la mwaka 1972 haikuundwa kwa ajili ya waya huo. Pembe ya mkono wake ni nyingine, na bila kipande cha kuirekebisha waya huvutwa kidogo mno. Mtu yule aliufunga kwa kibati alichokikata mwenyewe, ukalegea, naye akaridhika kwa sababu gari lilikwenda. Lilikwenda siku tatu. Siku ya nne, likipanda kilima na mzigo wa mbao, injini ilipiga kelele kubwa na gari likapunguza mwendo, kama mtu apazaye sauti huku nguvu zikimtoka. Alipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, wekundu ulikuwa umegeuka weusi, na harufu ilikuwa ya kitu kilichoungua.

Alikuwako mzee mmoja aliyefanya kazi na baba yake Willow Run. Mzee alikuja, akainama, akautikisa waya kwa kidole kimoja. "Umeipa jina kabla ya kuitazama," alisema, "kisha ukaidharau sehemu ndogo kwa kuwa ni ndogo. Baba yako asingefanya hivyo." Maneno hayo yalimwingia mwana kuliko hasara yote. Aliomba afundishwe, na mzee akakubali kwa sharti moja: kwamba mkono utakaofungua uwe wa mwana na si wake.

Waliifungua mezani juu ya kitambaa kisicho na manyoya, maana unyuzi mmoja waweza kukwamisha vali. Kila kilichotoka kililazwa kwa zamu yake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, ili kurudisha kuwe ni kusoma mstari huo kinyume. Walipofikia klachi ya gia ya tatu na ya nne, mwana alizishika pleti mkononi. Karatasi yake ilikuwa makaa, nayo ilimomonyoka na kumwachia weusi vidoleni. Alitulia kimya. Katika pleti kama hizo baba yake alitumia miaka 30 ya mikono yake, naye alikuwa ameziunguza kwa siku nne.

Kuijenga upya ni kazi ya saburi kuliko nguvu. Pleti mpya zililowekwa katika mafuta kabla ya kupangwa, kwa kuwa pleti kavu huungua katika mwendo wa kwanza. Nafasi iliyobaki kati yao ilipimwa kwa vipimo vyembamba vya chuma: ikizidi, klachi hukawia kukamata, ikipungua, huburuta. Sili na gololi ndogo za bodi ya vali zilishikizwa mahali pake kwa Vaseline na si kwa grisi, maana Vaseline huyeyuka katika mafuta ya moto, na grisi hubaki ikaziba njia. Gololi moja ikiwekwa katika tundu lisilo lake, gia hazitafuata amri, na kazi yote huanza tena. Gamba linaloshika gia ya jua, ambalo ni udhaifu mashuhuri wa giaboksi hizi, liliwekwa jipya la chuma kilichokazwa kwa moto. Servo ya mkanda ilibadilishwa ikawekwa ile kubwa iliyotumika katika magari ya Chevrolet Corvette, ili mkanda ushike kwa nguvu zaidi. Nje, mbele ya rejeta ya injini, ilifungwa rejeta ndogo ya kupozea mafuta, kwa kuwa joto huua giaboksi nyingi kuliko umri.

Kabla ya kufunga sampu, mzee alimtaka mwana apulize hewa ya pampu katika kila njia ya mafuta. Kila pistoni ilijibu kwa mshindo mfupi mzito, dalili kwamba sili zimeshika. Kisha wakaufikia waya. Safari hii kabureta ilipewa kipande kinachoifaa. Pedali ilikanyagwa mpaka mwisho, na waya ukahakikishwa kwamba nao umevutika mpaka mwisho, bila kulegea na bila kukwama. Geji ikafungwa kusoma shinikizo, na mshale ukapanda kila pedali ilipokanyagwa. Mzee hakusifu. Aliifuta spana yake, akairudisha mfukoni.

Siku ya kulijaribu gari, mwana alipita njia iendayo Willow Run. Sehemu kubwa ya jumba lile ilikuwa imekwisha kubomolewa, kazi iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2013, na mahali palipojaa sauti za mashine palikuwa peupe. Binti yake mdogo alikaa kando yake akitazama dirishani. Gia ya kwanza ikawa ya pili, ya pili ikawa ya tatu, na barabara iliponyooka ya tatu ikawa ya nne. Sauti ya injini ikashuka, kama mtu aliyeketi baada ya kusimama sana. Mtoto hakugeuka. Hakusikia lolote, na hapakuwa na la kusikia. Baba yake alijua ndipo kwamba kutosikia kule kulikuwa sifa yote ambayo babu yake mtoto aliwahi kuitafuta katika kazi yake.

Waliporudi nyumbani alisimamisha gari juu ya stendi ili atazame kama mafuta yanavuja. Mtoto alikuja akalala chini karibu naye, bila kuitwa, akauliza kile ni nini. Baba hakumweleza. Alimwambia ahesabu bolti, naye akaanza kwa kidole, moja, mbili, tatu, mpaka 16. Kisha akauliza kwa nini sampu ina umbo lile. Swali hilo baba yake hakuwahi kuliuliza. Wakabaki chini ya gari mpaka jua likatua.

Dunia huwapa sifa wapandao juu ya vyombo, na si dhambi kuwapa. Lakini chombo hakiendi kwa sifa. Huenda kwa waliokipanga pleti kwa pleti mahali pasipoonekana, na aliyefaidi mwendo wake amebeba deni kwao hata asipolijua. Deni hilo halilipwi kwa maneno. Hulipwa kwa kuinama, kutazama na kuhesabu sawasawa.